Arobaini Mbili na Siku Mbili

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, hamjambo. Na nyinyi vijana mliojipanga ukutani kule nyuma, nimewaona. Sogeeni mbele, viti vipo.

Katibu aliponipigia simu kuniomba nizungumze kwenye jioni yetu hii ya utamaduni, najua alichotegemea. Mimi mtu wa Tanga, na mapenzi yangu ya santuri yanajulikana, basi akadhani nitakuja na taarabu, watu watikise vichwa, kina mama watunze, tule pilau, twende zetu. Nimemwangusha. Leo nitawaeleza habari za bendi ya panki ya hapa hapa Washington iliyoitwa Minor Threat, na hasa santuri yao ya mwisho, Salad Days, kijisanturi cha nyimbo tatu ambazo ukizipiga zote mfululizo chai yako haijapoa.

Tuanze na neno, maana mzee wangu pale ameshakunja uso. Kwetu panki ni mtindo wa nywele. Unaingia kwa kinyozi, unamwambia ninyoe panki, anakuparua pembeni anakuachia kichaka juu. Ukifika Mwanza, mapanki ni mifupa ya sangara, ile inayobaki baada ya minofu kupanda ndege kwenda Ulaya. Panki ninayoisema mimi ni ya tatu: muziki wa magitaa yanayonguruma, wa vijana wasiosubiri kufundishwa. Ukiitazama vizuri ina kidogo cha zote mbili. Nywele za ajabu zimo, na kupika mlo kwa kilichobaki baada ya wakubwa kuchukua minofu kumo. Halafu ipo aina yake iitwayo hadikoo, kwa Kiingereza hardcore, ambayo ni panki iliyochemshwa mpaka maji yakauka. Kasi imeongezwa, mapambo yametolewa, wimbo wa dakika moja unaonekana mrefu. Vijana wa mji huu waliipenda aina hiyo mpaka wakaliandika neno lenyewe kwa kukuza herufi mbili za katikati, D na C, ili mji wa Washington, D.C., uonekane ndani yake.

Niliijuaje? Kwa hofu. Mwanangu wa kiume alipokuwa darasa la kumi alirudi nyumbani jioni moja na alama mbili kubwa za X, moja nyuma ya kila kiganja, zimechorwa kwa kalamu nene ya wino mweusi. Akili ya mzazi mgeni katika nchi ya watu mnaijua inavyokimbia. Nikasema basi, mtoto ameingia genge. Nikamkalisha mezani. Mama yake akasimama mlangoni. Nikauliza, hii nini? Akajibu, "Baba, maana yake sinywi pombe." Nikamwambia usinifanye mjinga. "Kweli baba. Sinywi, sivuti, dawa sigusi." Nikamwangalia mama yake, mama yake akaniangalia mimi. Tulikuwa tumejiandaa kwa ugomvi, tumepewa zawadi, na hatukujua pa kuiweka.

Alama hiyo ina asili yake. Mwaka 1980 bendi moja ya watoto wa shule wa hapa, Teen Idles, ilisafiri kwa basi mpaka California. Kule San Francisco, kwenye ukumbi wa Mabuhay Gardens, wenye ukumbi hawakutaka kuwafukuza ila waliogopa sheria ya pombe, wakawachora X mikononi ili mhudumu wa baa asiwauzie. Vijana waliporudi wakaziambia kumbi za huku: tuchoreni hivyo hivyo, tuingie tusikilize muziki, bia zenu hatuzigusi. Kilichokuwa alama ya kukatazwa kikawa cha kujivunia. Mpiga gitaa la besi wa bendi ile, Ian MacKaye, baadaye kidogo akawa mwimbaji wa Minor Threat na akaimba wimbo wa kusema kwamba yeye ana mambo ya maana ya kufanya kuliko kulewa. Wimbo ule una sekunde 46. Salamu zangu tu hapa zimechukua zaidi ya hapo.

Naomba mnivumilie nipite kwenye sarufi kidogo. Kuna wimbo wao mwingine ambamo anataja mambo matatu asiyofanya: kuvuta, kunywa, kuhangaika na kila mwanamke. Sasa katika Kiingereza ukiliacha neno la nafsi, msikilizaji hajui kama mtu anajieleza au anaamuru. Kwetu haiwezekani. Sinywi ni sinywi, usinywe ni usinywe, silabi zenyewe zinakusuta. Yeye aliimba bila nafsi, kwa sababu ya kasi, na watu wakasikia amri. Mpiga dramu wake, Jeff Nelson, hakupendezwa. Alimsumbua mpaka kwenye karatasi ya maneno neno "mimi" likaandikwa ndani ya mabano. Waliporekodi wimbo huo upya mwaka 1983, MacKaye aliongeza maneno ya kuzungumza katikati akieleza kwamba hizo si kanuni za kumfunga mtu yeyote. Walikuwa wamechelewa. Tayari kulikuwa na vijana miji mingine wanaowapokonya wenzao bia. Mara nyingi nimefikiri kwamba wimbo ule ungeimbwa kwa Kiswahili, watu wachache zaidi wangeumia.

Haya, bendi yenyewe. Minor Threat walianza mwishoni mwa 1980. MacKaye na Nelson walikuwa wametoka shule ya sekondari ya Wilson, kule Tenleytown. Lyle Preslar alishika gitaa, Brian Baker besi, na Baker alikuwa na miaka 15. Kumi na tano! Mimi umri huo nilikuwa naogopa kwenda dukani usiku. MacKaye alikuwa akiuza aiskrimu Georgetown. Hakuna aliyewapa kitu. Studio kubwa hawakuzijua, na kampuni za santuri zilikuwa New York na Los Angeles, huko kwa wenye minofu.

Lakini kulikuwa na kibubu. Teen Idles, kila walipolipwa kwa onyesho, hawakugawana. Pesa ziliingia kwenye boksi la sigara, na bendi ilipovunjika Novemba 1980 boksi lilikuwa na dola kama 600. Hapo ndipo ningependa viongozi wa vyama vyetu wanisikilize, maana vyama vyetu hapa vikivunjika tunajua kinachotokea kwenye akaunti. Wale watoto walikaa wakaulizana: tugawane, au tutoe santuri ya bendi ambayo haipo tena? Wakatoa santuri. Nakala 1,000. Majalada waliyakata kwa mkasi wenyewe, wakayakunja, wakayagundisha kwa mikono, kwa kuwa kulipia majalada yaliyokwisha kugundishwa ilikuwa gharama nyingine. Ndivyo ilivyozaliwa lebo ya Dischord, yaani kampuni yao ya santuri, ambayo mpaka leo ipo ng'ambo ya mto, Arlington, na imefanya kazi na bendi zake bila mikataba ya karatasi. Gharama zikishatoka, faida inagawanywa.

Kwa hiyo lebo hii, tangu siku ya kwanza, ilianza na santuri ya marehemu. Bendi imekufa, ndipo santuri inatoka. Mtaona kwa nini nasema hivi.

Kabla sijafika huko nina mambo mawili kuhusu rangi, kwa sababu tumo humu Waafrika watupu na mngeniuliza.

La kwanza. Mwalimu wa vijana hawa wote alikuwa bendi ya watu weusi. Bad Brains, vijana wa huku huku, walioanza na muziki wa jazi, wakahamia panki, wakafuata Urasta, wakaipiga hadikoo kwa ufundi na kasi ambayo weupe walibaki midomo wazi. Walipopoteza vyombo vyao, Teen Idles ndio waliowafungulia chumba chao cha mazoezi chini ya nyumba na kuwaazima vyombo. Mwanafunzi akatoa vyombo, mwalimu akatoa somo. Minor Threat ilipovunjika mara ya kwanza, Preslar alipokwenda chuo kikuu mwaka 1981, mmoja wa waliowasukuma warudiane alikuwa H.R., mwimbaji wa Bad Brains.

La pili halinipendezi. Mwaka huo huo wa 1981 Minor Threat walitoa wimbo wa kijana mweupe anayelalamika kwamba analaumiwa kwa sababu ya weupe wake. MacKaye ameeleza mara nyingi kwamba alisoma shule ambazo wanafunzi wengi walikuwa weusi, kwamba alikuwa akipigwa kwa dhambi za watu waliokufa zamani, na kwamba aliuona ni wimbo wa kupinga ubaguzi. Namwamini. Lakini wimbo ni kama mshale, ukishatoka hauulizi nia yako. Wabaguzi wa kweli wameuimba kwa raha zao. Mwanangu aliponitafsiria nilimwambia zima. Tulibishana wiki nzima, yeye akisema MacKaye alikuwa na miaka 19, mimi nikisema umri si kinga. Sasa hivi msimamo wangu ni kwamba ulikuwa wimbo wa mtu mbichi. Nalitumia neno hilo kwa makusudi, tutalirudia.

Tuje kwenye kifo.

Kufikia 1983 walikuwa na jina. Walikuwa wameizunguka Marekani ndani ya gari, wametoa santuri ndefu kidogo yenye picha ya kondoo mweusi anayeruka kulikimbia kundi la kondoo weupe. Na kama kawaida ya bendi, na ya ndoa, na ya vyama vya Waswahili ughaibuni, mafanikio yalileta mazungumzo. Wengine walianza kuvutiwa na sauti pana za bendi kama U2. MacKaye hakutaka. Kulikuwa na maswali ya lebo kubwa. Hakutaka. Maonyesho yalikuwa yakijaa watu waliokuja kupigana, na hilo nalo lilimchosha. Magomvi ya bendi ukiyasimulia nje ya chumba huwa madogo mno, kwa hiyo sitayasimulia zaidi.

Onyesho lao la mwisho lilikuwa Ijumaa tarehe 23 Septemba 1983, katika kituo cha sanaa cha Lansburgh, Mtaa wa 7, katikati ya mji. Lilikuwa jengo la duka kubwa la zamani la Lansburgh's, lililofungwa mwaka 1973. Walipiga pamoja na Big Boys, panki kutoka Texas, na Trouble Funk.

Hapa naomba mnyooshe masikio. Trouble Funk si panki hata kidogo. Ni bendi ya go-go, muziki wa watu weusi wa Washington, ule alioupandisha Chuck Brown: tumba, kengele, mwimbaji anaitikiana na watu ukumbini, na kati ya wimbo na wimbo ngoma haikatiki, inabebwa mpaka wimbo unaofuata, mtu asipate nafasi ya kukaa. Sisi tuliokulia muziki wa dansi tunaielewa go-go bila kufundishwa. Ni sebene lisilo na mwisho. Leo ni muziki rasmi wa mji kwa sheria iliyosainiwa 2020. Lakini mwaka 1983, mtu anayependa go-go na mtu anayependa hadikoo walikuwa wanaishi mji mmoja kama nazi na embe zilizoko shamba moja. Siku ile waliwekwa chini ya paa moja. Sidai kwamba Minor Threat walikuwa wanaomba radhi kwa ule wimbo wa 1981. Nasema tu kwamba watu walioimba vile miaka miwili nyuma walimaliza safari yao jukwaa moja na Trouble Funk, na hao Trouble Funk ndio walioufunga usiku ule.

Wimbo wa mwisho walioupiga Minor Threat ulikuwa mpya, watu hawajauzoea. Kwa wakati ule ulikuwa ukiitwa pia Wimbo wa Mwisho. Wakashuka. Hawakupanda tena, mpaka leo.

Sasa hesabuni na mimi. Kutoka tarehe 23 Septemba mpaka tarehe 14 Desemba ni siku 82. Sisi watu wa pwani tunajua kuhesabu siku za marehemu. Arobaini mbili na siku mbili juu. Siku hiyo, Jumatano, watu wanne wasioelewana, bendi imeshakufa, waliingia studio ya Inner Ear huko Arlington kurekodi nyimbo tatu. Na mkisikia studio msifikirie vioo na viti vya ngozi. Inner Ear wakati huo ilikuwa nyumbani kwa Don Zientara, chini ya nyumba anamoishi na familia yake.

Hili ndilo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza. Watu wanarekodi ili waendelee: watoe santuri, wapate maonyesho, wapate jina. Hawa hawakuwa na pa kuendelea. Hakuna ziara iliyokuwa inangoja, hakuna mtu wa kupendezwa. Mimi nimekaa kwenye vikao vya mirathi, naijua ile hali: ndugu hawasalimiani, lakini mali ya marehemu ipo, na lazima mtu mmoja alete daftari, mwingine alete kalamu, wahesabu, wagawane, watoke. Wimbo ulikuwa umepigwa mbele ya watu. Ulikuwa haujaandikwa popote. Walikuwa wanadaiwa, wakaja kulipa.

Wimbo unaitwa Salad Days. Ukitafsiri neno kwa neno unapata siku za kachumbari, na naona kina mama mmecheka, nami nilicheka. Usemi huo Waingereza wameupata kwa Shakespeare, katika mchezo wa Antony na Cleopatra. Mwalimu Nyerere alituletea Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, huu hakutuchapia, kwa hiyo niwaeleze. Cleopatra anakumbushwa kwamba zamani alimpenda Kaizari na kumsifu kama anavyomsifu Antony sasa. Anajitetea: ah, hizo zilikuwa siku zangu za saladi, akili yangu ikiwa kijani, damu yangu ikiwa baridi. Yaani nilikuwa mbichi. Neno tunalo kabisa, na ni lile lile: embe bichi, nyama mbichi, mtu mbichi. Lakini Kiingereza cha mitaani kimeugeuza usemi. Leo Mmarekani akisema siku zake za saladi anamaanisha siku zake nzuri, enzi zake, zamani kulikuwa kutamu. Ubichi umekuwa utamu.

MacKaye anaimba dhidi ya utamu huo. Sitawasomea maneno yake, nitawapa mwendo wake tu. Anaanza kwa kutamani siku alipovaa vazi hili mara ya kwanza. Anasema mtoto amekua, hapendezi tena. Anasema kiini kimelainika, na hapo anacheza na jina la muziki wenyewe, kwa sababu hadikoo maana yake kiini kigumu. Ana miaka 21 anapoimba hivi! Bendi ina miaka mitatu! Na tayari watu walikuwa wanamwambia, Ian, zamani kulikuwa kuzuri. Kinachonishika ni kwamba hajitoi. Si mzee anayewafokea vijana wala kijana anayewafokea wazee. Yule mtoto asiyependeza tena ni pamoja na yeye.

Na muziki unamsaliti, kwa namna nzuri. Unaanza na besi peke yake, Baker anatembea, hana haraka. Dramu zinaingia, magitaa yanajenga ukuta, kisha kasi inakuja kama mlivyoahidiwa. Halafu katikati mambo yanatulia, na unasikia kengele. Kengele, jamani, katika hadikoo! Na gitaa kavu linapigwa chini yake. Maneno yanasema usiililie jana, mapigo yanaililia. Mimi sijui kama walikusudia. Nimekwishausikiliza pengine mara mia na bado pale kengele zinapoingia nasimamisha ninachofanya. Mke wangu ananiambia nimezeeka vibaya.

Nyimbo mbili za upande wa pili nazipitia mbio. Mmoja jina lake maana yake ni kukwama, na kwangu ni mzaha wa watu waliokwama kweli. Mwingine ni wa kuazima, wa bendi ya Standells ya Los Angeles, wa mwaka 1966, kuhusu kijana maskini anayejua kwamba watu wema si lazima wavae nyeupe. Wameupiga vizuri. Basi.

Jalada ndilo nataka mlione, mwanangu lipitishe, mshike kwa ncha tafadhali. Picha ameipiga Glen E. Friedman. Vijana wanne wameketi kwenye ngazi za baraza ya nyumba ya Dischord, Arlington. Hakuna aliyenyanyua ngumi, hakuna aliyetoa ulimi. Wamekaa tu kama vijana wanavyokaa barazani mchana usio na kazi. Mtu asiyejua angesema hawa ni marafiki wanaosubiri mama awaite kula. Nimeangalia uso mmoja mmoja nikitafuta ugomvi. Sijauona.

Santuri ilitoka Julai 1985. Ndiyo, mwaka mmoja na zaidi ya nusu ilikaa kabatini. Na ilipotoka ilikuta mji umeshahama. Kiangazi hicho bendi mpya za Dischord, Rites of Spring wakiwa mbele, zilikuwa zinaimba machozi na mapenzi, vijana wenyewe wakiita ni mapinduzi. MacKaye mwenyewe alikuwa na bendi nyingine, Embrace. Kwa hiyo wimbo wa kukataa kulilia zamani ulifika kwa watu ukiwa wenyewe ni zamani. Nadhani ndiyo maana watu wakaupenda kwa njia mbaya. Leo hapa Marekani ukitaka kumwona mwanamume wa miaka 60 akilengwa na machozi kwa ujana wake, mpigie Salad Days. Wimbo wa kumsuta ndio anaoufutia macho.

Mwaka 1989 kila walichokuwa wametoa kilikusanywa kwenye diski moja. Nyimbo 26, dakika 47. Miaka mitatu ya maisha ya watu wanne, mazoezi, safari, magomvi yote, ni dakika 47. Umm Kulthum wa Misri alikuwa anazimaliza kwa wimbo mmoja na bado watu wanamwambia rudia.

Baada ya hapo kila mtu na lake. Baker alipiga Dag Nasty, na tangu 1994 yuko Bad Religion. Preslar alikuja kusomea sheria. Nelson alibaki mshirika wa Dischord. MacKaye akaanzisha Fugazi, ambayo ilipanda jukwaani mara ya kwanza Septemba 1987, na ambayo ilipenda kutoza kiingilio cha dola tano wakati wenzao wanatoza ishirini. Wamepewa pesa za kurudiana Minor Threat? Mnafikiri? Bendi ngapi za enzi hiyo zimerudiana kwa pesa, wazee wenye vitambi wakiimba hasira za watoto. Hawa hapana. Mtu aliyeimba kwamba mtoto hapendezi tena angerudi vipi na nepi?

Nina jambo moja la kazi yangu ya zamani, halafu nawaachia. Nimeendesha teksi mji huu miaka 19. Mara nyingi jioni nilikuwa napeleka watu Mtaa wa 7, wazee wa heshima, mama na lulu shingoni, baba na koti, wanashuka, wananipa bakshishi ya kueleweka. Walikuwa wanakwenda kutazama tamthilia. Lile jengo la duka la Lansburgh's lilijengwa upya. Juu zikawa nyumba za watu, na tangu mwaka 1992 chini yake kuna ukumbi wa Shakespeare Theatre Company. Ndilo jengo lile lile. Mahali wale watoto walipopiga wimbo wao wa mwisho, wenye jina lililotoka kinywani mwa Cleopatra, ndipo leo anapokaa Shakespeare mwenyewe. Nimeshusha abiria pale mara ngapi, sijui, na sikujua. Mwanangu ndiye aliyenionyesha, tukiwa kwenye taa nyekundu, abiria ameshashuka. Akasema, "Baba, ni hapa." Nikamuuliza, hapa nini? Dereva wa nyuma akapiga honi.

Yule pale kwenye mashine ndiye yeye. Ana miaka 31 sasa, ana mtoto wake, na X mikononi ziliondoka siku nyingi, ingawa pombe bado hanywi. Santuri anayoishika ni yake, kwa hiyo akikwambia usiguse, usiguse. Wimbo haufiki dakika tatu. Wazee wangu, mkiona magitaa yamezidi, chai na kaimati viko chumba cha pili, hakuna atakayewasema. Ila mkitoka, muache mlango wazi, kengele ziko katikati. Haya baba, shusha sindano.